Picha Kumi na Mbili Zisizo na Tarehe: Siku Sita Mjini Wick

Siku ya kwanza, Jumatatu: Aberdeen hadi Wick

Niliondoka Aberdeen kwa treni ya asubuhi nikiwa na begi moja na bahasha ya plastiki yenye picha kumi na mbili. Zote zilikuwa nakala za picha za zamani za Wick, mji wa bandari ulioko Caithness, katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Uskoti, na zote asili yake ilikuwa moja: vioo vya negativu, yaani vipande vya kioo vilivyotumiwa badala ya filamu, vya familia ya Johnston, ambayo baba, mwana na mjukuu waliendesha studio mjini humo tangu 1863 hadi miaka ya 1970. Husemwa kwamba studio hiyo ilikuwa na vioo laki moja hivi, na kwamba vilivyonusurika ni kama elfu hamsini. Mimi nilizichagua zangu kwa kigezo kimoja tu, kwamba hakuna hata moja iliyoandikwa tarehe.

Ninasomea utunzaji wa nyaraka, na nimezaliwa Pangani, bandari ambayo meli kubwa zilikwisha kuisahau kabla sijazaliwa. Kwetu picha za zamani hukaa ndani ya makopo ya biskuti, chini ya leso na hati za mashamba, na ukiuliza ni za mwaka gani unajibiwa kwamba ni za enzi za babu. Jibu hilo si la uongo, ila haliwezi kuingizwa katika daftari la kumbukumbu. Nilitaka kuona watu wa mji mwingine mdogo wa bandari, ambao nao wamebaki na picha nyingi kuliko vyombo, wanaisomaje picha isiyotaja umri wake.

Njiani treni ilisimama Nairn, mji mdogo wa pwani ambao kwa msomaji wa kwetu una la kukumbukwa. Ndiko alikozaliwa James Augustus Grant mwaka 1827, yule aliyefuatana na mvumbuzi Speke kutoka Unguja hadi Uganda, na ambaye mwaka 1860 alipiga picha mjini Unguja zilizo miongoni mwa picha za kale kabisa za mji ule. Baadaye, walipokuwa safarini, kamera ilimshinda akashika penseli. Sikushuka, mlango ulifunguliwa, akaingia bibi mmoja na mbwa wake, tukaondoka.

Inverness nilibadilisha treni. Kutoka hapo hadi Wick ni mwendo wa saa nne na nusu hivi, na siku za kazi treni ni nne tu, kwa hiyo anayechelewa moja ana muda wa kutosha kujuta. Reli hiyo, iliyofika Wick mwaka 1874, haina haraka hata kidogo: huambaa na bahari kwa sehemu kubwa ya njia hadi Helmsdale, kisha huiacha pwani na kukata bara kupitia nchi ya vinamasi vya mboji iitwayo Flow Country, ambayo mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa muda mrefu sikuona nyumba, ila vidimbwi vyeusi, majani ya rangi ya kutu na, mara moja, kulungu aliyeinua kichwa kututazama. Karibu na mwisho treni ilifanya jambo lililonichekesha: ilipita Georgemas ikaingia Thurso, ikageuka, ikarudi Georgemas ile ile, ndipo ikakumbuka kwenda Wick.

Nilishuka jioni. Mvua ya huku haidondoki, inapita ubavuni kama mtu mwenye haraka. Mama mwenye nyumba nilikopanga chumba alinitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu vyangu vya turubai, akasema viatu hivyo havitafika Alhamisi. Vilikufa Jumatano.

Siku ya pili, Jumanne: Bandarini

Wick ni miji miwili iliyotenganishwa na mto mmoja. Kaskazini ya mto ndiko kuliko mji wa kale, ambao jina lake lilitoka katika neno la Wanorse, mabaharia wa kale wa Skandinavia, lenye maana ya ghuba, na ambao mfalme aliupa hadhi ya mji mwaka 1589. Kusini ya mto ni Pulteneytown, mji uliochorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa. Mchoraji wake alikuwa mhandisi Thomas Telford, aliyeajiriwa na shirika la uvuvi la Uingereza, British Fisheries Society, mwanzoni mwa karne ya 19, na jina lake ni la Sir William Pulteney, aliyekuwa mkuu wa shirika hilo hadi alipofariki mwaka 1805. Wazo lilikuwa rahisi: familia zilizokuwa zikifukuzwa mashambani kupisha kondoo zipewe viwanja kando ya bahari, na zivue heringi. Telford aliweka makazi juu ya mwinuko na maghala chini, karibu na gati, na ukitembea leo unauona mpango huo kwa miguu yako, kwa kuwa mitaa ya juu imenyooka na ya chini bado ina milango mipana ya kupitisha mapipa. (Upande huu wa kusini pia wanao mtaa wanaojivunia kuwa ndio mfupi kuliko yote duniani, Ebenezer Place, wenye urefu wa mita 2.06 na mlango mmoja. Niliupita kabla sijajua kwamba ni mtaa.)

Picha yangu ya kwanza ni ya bandari yenyewe. Mashua zimejaa hata maji hayaonekani. Milingoti imesongamana kama mianzi, na mtu angeweza kuvuka kutoka gati moja hadi jingine bila kulowa nyayo. Nyuma ya nakala nilikuwa nimeandika, kwa alama ya kuuliza, 1862, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba mwaka huo mashua zilizovua kutoka Wick zilipindukia 1,100. Nilitafuta mahali aliposimama mpiga picha nikapapata bila taabu, maana mawe ya gati ni yale yale, hata pete ya chuma ya kufungia kamba iliyo pembeni mwa picha bado ipo, imekonda kwa kutu. Nilihesabu vyombo vilivyokuwemo majini: kumi na tisa, na saba kati yake vya starehe. Vingine vilikuwa vya wafanyakazi wa shamba la upepo la Beatrice, lenye mitambo 84 baharini, ambao ofisi yao imo ndani ya majengo ya zamani yaliyokarabatiwa ya Pulteneytown. Kwa hiyo bandari haikufa. Imebadilisha kitu inachokivua.

Heringi ni samaki wa fedha mwenye mafuta mengi, ndugu wa karibu wa samaki wetu aitwaye simu, na kama simu huja kwa makundi makubwa na kwa msimu wake. Kwa Wick msimu ulikuwa wa Julai hadi Septemba. Mashua zilitoka jioni, zikatega nyavu za kuning'inia usiku kucha, zikarudi alfajiri. Na kwa kuwa samaki mwenye mafuta huoza upesi, kazi ya nchi kavu ilikuwa kubwa kuliko ya baharini, nayo ilikuwa ya wanawake. Picha zangu za pili, ya tatu na ya nne zinawaonyesha. Wamesimama mbele ya sanduku refu lililo wazi juu, ambalo samaki walimwagiwa humo, na nimeona neno letu hori linalifaa kabisa. Walifanya kazi watatu watatu: wawili kutumbua, wa tatu kupanga samaki na chumvi ndani ya pipa, safu juu ya safu. Kisu kilikuwa kifupi, na kwa mkato mmoja tu matumbo na mashavu vilitoka. Ukiangalia vidole vyao kwa kioo cha kukuzia unaona vimefungwa vitambaa, kila kidole peke yake, kwa sababu chumvi ikiingia katika jeraha la kisu hailali usiku. Wengi walitoka mbali, hata visiwa vya magharibi ambako lugha yao ni Kigaeli, na msimu ulipohamia kusini walilifuata kundi la samaki pwani yote mpaka Yarmouth huko Uingereza, vifaa vyao vikiwa ndani ya sanduku moja la mbao.

Bibi yangu alikuwa akipasua na kukausha ng'onda, na viganja vyake vilikuwa na alama zilizonyooka ambazo tukiwa watoto tulidhani kila bibi anazo. Sikutegemea kumkumbuka nikiwa kwenye gati lenye baridi ile.

Kuna jambo moja ambalo picha haziwezi kulionyesha kwa kuwa lilikwisha kabla ya kamera kufika. Kabla mapipa ya heringi ya Uskoti hayajapata soko kubwa Ujerumani na Urusi, mengi yalipelekwa visiwa vya Karibi kuwa chakula cha watumwa wa mashamba ya miwa. Samaki aliyekuwa duni kwa meza ya Ulaya alionekana kuwafaa wao. Soko hilo lilidhoofika baada ya utumwa kufutwa katika makoloni ya Uingereza katika miaka ya 1830, na ndipo wafanyabiashara walipogeukia Baltiki. Ninaliandika hapa kwa sababu bandari inayoonekana katika picha yangu ya kwanza, pamoja na magati yake mazuri ya mawe, ilianza kujengwa wakati soko lile lingali hai.

Siku ya tatu, Jumatano: Makumbusho

Hii ndiyo siku niliyoijia. Makumbusho ya Wick Society, chama cha wenyeji cha historia ya mji, yako Bank Row, mtaa wa chini karibu na bandari, na ukiyaona kwa nje hudhani kwamba ndani mna nyumba kadhaa zilizotobolewa zikawa moja. Mna karakana ya mapipa, tanuri la kufukizia samaki, taa kubwa ya kioo iliyokuwa katika mnara wa Noss Head, na bustani ya ngazi ngazi mlimani nyuma. Yote hayo niliyapita kwa haraka isiyo ya heshima ili nifike kwenye picha.

Aliyenipokea ni mzee wa kujitolea, mwalimu mstaafu, ambaye aliniomba nizitandaze picha zangu zote kumi na mbili mezani. Aliichukua ya kwanza, akaigeuza, akasoma 1862 yangu yenye alama ya kuuliza, akacheka kwa adabu. Kisha akanipa kioo cha kukuzia akaniambia niitazame mashua ya tatu kutoka kushoto: omo yake, yaani mbele, ikoje, na tezi yake, yaani nyuma, ikoje.

Omo ilikuwa imesimama wima. Tezi ilikuwa imelala kwa nyuma, mlalo mkali, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Mzee akasema mashua ya umbo hilo inaitwa Zulu. Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia: Zulu, kwa sababu ya kwanza iliundwa Lossiemouth mwaka 1879, mwaka ambao magazeti yote ya Uingereza yalijaa habari za vita vya Waingereza na Wazulu kule Afrika Kusini, na jina likashika. Kabla yake walikuwa na aina mbili: moja tezi yake imelala na omo imejikunja, na nyingine, inayoitwa Fifie, ambayo omo na tezi zote zimesimama wima. Zulu ilichukua omo ya Fifie na tezi ya ile nyingine. Hivyo picha yangu haiwezi kuwa ya 1862 hata kwa maombi. Ni ya baada ya 1879, na kwa muda wa dakika nzima nilikaa kimya nikilitafakari jambo hilo, kwamba mashua za wavuvi wa kaskazini ya dunia ndizo zilizobeba jina la watu wa Afrika, na kwamba jina hilo ndilo lililonisahihisha.

Baada ya hapo tulifanya kazi hadi saa kumi jioni. Mzee hakuwa na kitabu cha kanuni. Kila kanuni aliitoa katika picha iliyokuwa mbele yetu. Herufi WK ubavuni mwa mashua ni za Wick, BF ni za Banff, SY ni za Stornoway, na kwa kuwa ni sheria ya 1868 iliyozilazimisha mashua za uvuvi kubeba herufi na namba, mashua yenye herufi hizo ni ya baada ya hapo. Herufi hizo hizo zinaeleza pia kwamba nusu ya vyombo vilivyoonekana kuwa vya Wick vilikuwa vya wageni wa msimu. Ukiona dohani la moshi kati ya milingoti, umevuka mwaka 1900 au uko karibu nao, kwa kuwa ndipo meli za uvuvi za mvuke zilipoanza kuzisukuma za matanga pembeni. Milingoti mitupu peke yake haithibitishi kitu, kwa sababu matanga hayakutoweka siku moja: aliitaja Isabella Fortuna, Fifie iliyoundwa Arbroath mwaka 1890, ambayo chama chao kiliikarabati, na ambayo kwa macho ya mtu kama mimi ingefanya picha ya jana ionekane ya karne ya 19.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyoisoma mikono. Katika picha yangu ya pili mikono ya wale wanawake ni kama ukungu, ilhali nyuso zao zinaonekana wazi. Katika ya nne, kisu kinaonekana hadi ncha. Tofauti hiyo inatokana na kemia. Johnston wa kwanza alipofungua studio, kioo kilipakwa kolodioni, ute wa kemikali, na kutumika kingali kibichi: mpiga picha alikipaka gizani, akakikimbiza kwenye kamera, akafungua lenzi kwa sekunde kadhaa, akakikimbiza tena gizani kukisafisha kabla hakijakauka. Nje ya studio ilimbidi abebe hema la giza. Anayefanya kazi kwa kasi hawezi kutulia sekunde kadhaa, hivyo mikono yao ilipotea. Kuanzia miaka ya 1880 vioo vikavu vya jelatini vilienea, na hivyo vilihitaji mwanga kidogo, basi mikono ikabaki. Mzee hakusema kwamba picha ya pili ni lazima iwe ya kabla ya 1880, maana siku ya mawingu mazito inaweza kumdanganya yeyote. Alisema tu kwamba angeanzia hapo. Nilipenda tahadhari hiyo kuliko maarifa yote mengine ya siku ile.

Nilirudi chumbani bila viatu vya turubai, nimevaa buti za mpira zilizonunuliwa dukani dakika tano kabla hawajafunga.

Siku ya nne, Alhamisi: Ukuta ulioshindwa

Upepo ulikuwa umegeuka ukitoka mashariki, na mama mwenye nyumba alisema kwamba kama nina nia ya kuelewa mji huu, leo ndiyo siku. Nilipanda hadi kwenye kilima cha kusini mwa ghuba, mahali pa picha ya sita, na nikaelewa.

Ghuba ya Wick imefunguka kuelekea mashariki kama mdomo, na bandari ya Telford, pamoja na ile ya nje iliyoongezwa na James Bremner katika miaka ya 1820, zimo ndani kabisa ya koo. Bremner alikuwa mwana wa nchi hii hii, mhandisi na mjenzi wa meli, ambaye mwaka 1847 aliitwa Ireland kusaidia kuinasua Great Britain, meli kubwa ya chuma iliyokwama mchangani. Lakini hata bandari yake haikuwa na kina cha kutosha maji yanapokupwa. Usiku wa tarehe 18 Agosti 1848 mashua mia kadhaa zilitoka Wick, tufani ikaja kabla ya alfajiri, na zilizokimbilia nyumbani zilikuta maji hayatoshi kuingia. Watu 37 walifariki hapa, wengi mbele ya macho ya jamaa zao waliosimama kwenye gati, na pwani nzima ya mashariki ilipoteza watu 100 hivi na mashua 124. Uchunguzi wa serikali uliofuata ulihimiza mashua zenye sitaha na bandari zenye kina. Msiba huo hauna picha, kwa kuwa studio ilikuwa bado miaka kumi na mitano.

Picha ya sita ni ya kile kilichokuja kuwa jibu. Katika miaka ya 1860 shirika la uvuvi liliwapa kazi akina Stevenson wa Edinburgh, wale wajenzi wa minara ya taa, kujenga ukuta wa kuvunja mawimbi mdomoni mwa ghuba. Katika picha unauona mstari wa majukwaa ya mbao ukiingia baharini. Kijana wa mmoja wa wahandisi hao, Robert Louis Stevenson, aliletwa hapa mwaka 1868 ajifunze kazi ya baba. Akavaa vazi la wapiga mbizi akashuka hadi chini ya bahari, akafurahi mno, kisha akaenda zake kuwa mwandishi. Bahari nayo ilikuwa na maoni yake. Desemba 1872 wimbi liliiondoa ncha ya ukuta huo, bonge la mawe na zege la tani 1,350, likiwa limefungwa kwa vyuma, likaligeuza kama mtu anavyogeuza kifuu. Wahandisi walijenga upya kwa bonge la tani 2,600. Mwaka 1877 nalo lilikwenda. Kazi ikaachwa.

Maji yalipokupwa niliona mabaki yake, mstari mweusi wa mawe ambao mawimbi yaliupanda na kupasuka kwa mshindo uliosikika kifuani kabla ya masikioni. Nyuma ya picha ya sita niliandika: kabla ya 1877. Ilikuwa tarehe yangu ya kwanza niliyoipata mwenyewe bila mzee, na mvua iliichafua palepale.

Siku ya tano, Ijumaa: Whaligoe na magofu

Picha tatu zilikuwa za viunga vya mji. Kwa basi nilikwenda kusini kilomita kumi na moja hivi hadi Whaligoe, ambako genge linashuka wima hadi kwenye hori jembamba la bahari, na ngazi za mawe bapa zimechongwa kupindapinda ubavuni mwake. Wenyeji husimulia kwamba zilikuwa 365. Nilizihesabu wakati wa kushuka nikapata zaidi kidogo ya 330, na wakati wa kupanda sikuwa na pumzi ya kuhesabu. Telford alipita hapa mwaka 1786 wala hakuona kwamba ni mahali pa bandari, lakini wavuvi waliitumia vizazi na vizazi. Mashua zilivutwa juu ya jukwaa la mawe chini ya genge ili bahari isizipige, na samaki walipandishwa kwa migongo ya wanawake ndani ya makapu, ambao wakishafika juu walianza safari nyingine ya kwenda Wick kwa miguu kuwauza. Kati ya ngazi kuna mahali pana pa kutulia, na jiwe moja lina ukingo laini, limelika kwa kuegemezwa kapu. Sina namna ya kuthibitisha hilo la kapu. Niliegemeza begi langu hapo, likakaa sawasawa.

Mchana nilitembea hadi ngome ya Sinclair Girnigoe, makao ya zamani ya watawala wa Caithness, iliyobaki gofu tangu mwisho wa karne ya 17. Iko karibu na mnara wa Noss Head uliowashwa mwaka 1849, na imejengwa kwenye ulimi wa jabali kiasi kwamba huoni genge linaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Ni mahali pazuri, na picha zake ndizo zilizonichosha kuliko zote. Mpiga picha wa magofu huwangojea watu waondoke. Hakuna herufi, hakuna tezi, hakuna mkono uliosogea, hakuna hata nguo ya kukadiria mtindo wake. Picha ya tisa na ya kumi, zote za Girnigoe, zimerudi nami kama zilivyokwenda, bila tarehe.

Siku ya sita, Jumamosi: Bank Row

Treni yangu ilikuwa ya mchana, kwa hiyo nilikwenda makumbusho kuaga. Ilibaki picha moja ambayo Jumatano tuliiruka kwa sababu haikuwa na chombo chochote: mtaa wa mawe wenye nyumba pande zote, duka lenye kitambaa cha kuzuia jua, na watoto wawili wamekaa kizingitini. Nilikuwa nimeichagua kwa ajili ya wale watoto, maana mmoja alikuwa ametikisa kichwa na ana sura mbili.

Mzee hakuhitaji kioo cha kukuzia. Alinishika mkono akanitoa nje, tukatembea hatua chache, akanisimamisha mbele ya kibustani chenye viti na maua, nafasi iliyo wazi kati ya nyumba. Nilikuwa nimeipita kila siku tangu Jumanne nikidhani ni mahali pa kupumzikia. Akaielekeza picha, kisha kibustani, na nikaona kwamba nyumba zilizo katika picha ndizo zisizokuwepo.

Alasiri ya tarehe 1 Julai 1940 ndege ya Kijerumani iliangusha mabomu juu ya Bank Row. Ilikuwa mchana kweupe, na husemwa kwamba hilo ndilo shambulio la kwanza la mchana katika bara la Uingereza wakati wa vita vile. Watoto walikuwa wakicheza mtaani. Walikufa watu kumi na watano, na wanane kati yao walikuwa watoto. Mzee aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kwa herufi WK, kisha akaongeza kwamba picha yangu, kwa nguo na kwa kitambaa cha duka, huenda ni ya zamani sana kuliko vita, na kwamba wale wa kizingitini yawezekana walikwisha kuwa wazee siku hiyo. Alitaka nisije nikaandika jambo ambalo picha haikulisema.

Treni iliondoka tupu nusu. Nilitandaza picha kwenye meza ndogo nikaziandika moja moja mgongoni kwa penseli laini, kama tulivyofundishwa, kwa kuwa wino hupenya karatasi. Ya kwanza nilifuta 1862 nikaandika: baada ya 1879. Ya pili: huenda kabla ya 1880. Ya tano, yenye dohani: karibu 1900 au baadaye. Ya sita niliinakili upya pale mvua ilipoifuta. Tulikuwa tumesimama Georgemas tukingoja kwenda Thurso na kurudi nilipofika kwenye ile ya mwisho. Niliandika: Bank Row, kabla ya tarehe 1 Julai 1940.